Nzi wa Igbo-Ukwu

2 Machi

Kitabu cha mwanaakiolojia Thurstan Shaw kimefika kutoka Nairobi, juzuu zote mbili, chapa ya 1970. Nimeazimwa kwa ajili ya makala ninayoandika, kwa sharti moja tu: kisikae meza moja na kikombe cha chai. Juzuu ya kwanza ni maelezo, ya pili ni picha. Nimeanzia ya pili.

Vidani vya bronzi, yaani shaba iliyotiwa bati na risasi. Kichwa cha ndovu. Kichwa cha kondoo dume, pembe zimejipinda. Kichwa cha chui. Uso wa mtu aliyechanjwa chale kuanzia kipaji hadi mashavuni. Ndege aliyekalia mayai mawili, na chini yake inaning'inia mikufu. Kisha nikafika kwenye vyombo, na juu yake, mahali ambapo fundi wetu angeweka ua au nyota, wamejaa wadudu: nzi, panzi, nyenje, mbawakawa.

Chui namwelewa. Kila mwenye enzi barani Afrika amemtaka chui. Ndovu pia namwelewa. Lakini nzi? Nani alikwenda kwa fundi akaagiza nzi?

3 Machi

Igbo-Ukwu iko kusini mashariki mwa Nigeria, katika jimbo la leo la Anambra. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Isaiah Anozie alikuwa akichimba birika la maji kwake, jembe likagonga shaba. Vitu vingine akawagawia jamaa na majirani. Baadhi ya vyombo akawanyweshea mbuzi wake maji. Waandishi wengi huisimulia habari hii ya mbuzi kwa kebehi kidogo. Mimi siioni kebehi. Bakuli ni bakuli, na mbuzi alikuwa na kiu. Afisa wa wilaya wa Kiingereza, John Field, alipopata habari alinunua alichoweza kununua, akaandika makala katika jarida la kitaaluma, na mwaka 1946 akavikabidhi vitu hivyo kwa idara ya mambo ya kale ya Nigeria.

Shaw alianza kuchimba mwaka 1959, akarudi tena 1964. Mashimo yalikuwa matatu, na yote yalikuwa katika viwanja vya ndugu wa nyumba moja: Isaiah, Richard na Jonah. Akayaita Igbo Isaiah, Igbo Richard na Igbo Jonah. Hilo nimelipenda. Mara nyingi mwenye kiwanja huwa mtu wa kwanza kufutwa katika habari za namna hii. Hapa kila mwanafunzi wa akiolojia duniani analazimika kuwataja ndugu watatu wa kina Anozie kila afunguapo kinywa.

Igbo Isaiah ilikuwa kama ghala la vitu vya heshima, vimepangwa vikaachwa. Humo ndimo mlimokuwa na vidani. Igbo Richard ni kaburi. Igbo Jonah ni shimo la kutupia vitu.

5 Machi

Nimechukua juzuu ya picha mpaka dukani kwa Mjomba, sonara, Mji wa Kale. Nimemkuta anasafisha furungu la fedha la bibi mmoja ambaye wajukuu zake wanataka kuligawa vipande viwili, naye hataki kulikata. Alinawa mikono kwanza. Akavaa kioo chake cha jichoni, akainamia ukurasa, na kwa muda mrefu sikusikia kitu ila feni.

Mjomba maisha yake yote hajatengeneza kiumbe chenye roho. Ndivyo alivyofunzwa na baba yake. Asumini, nyota, majani, mwezi mwandamo, kasha la hirizi lenye maandishi: hivyo vyote mkono wake unavifanya hata akiwa anazungumza siasa. Mtalii akitaka kidani cha simba huelekezwa duka la tatu, kwa upole. Kwa hiyo nilitazamia anifungie kitabu.

"Hapana lihamu," akasema hatimaye.

"Wapi, Mjomba?"

"Popote. Tazama huu mtungi." Ulikuwa ule mtungi maarufu uliofungwa kamba za bronzi kutoka shingoni hadi kitako, fundo kwa fundo, kama ule wa maji unaobebwa kwa wavu. "Huyu mtu kasubu shingo mbali, tumbo mbali, kitako mbali. Sisi tungeziunganisha kwa lihamu. Yeye kamimina shaba nyingine juu ya shaba. Kazi ya shida mara kumi."

Nikamwambia Shaw naye anasema vivyo hivyo. Hakupendezwa sana kuwa na mwenzake.

Halafu akamfikia nzi. Akasema huyu hakubandikwa baadaye: alifinyangwa katika nta pamoja na chombo, vikapakwa udongo pamoja, vikaingia motoni pamoja. Nta ikayeyuka ikatoka, shaba ikapita palepale ilipopita nta, na mwisho kalibu ikavunjwa. Maana yake ni kwamba kila mguu wa nzi ulikuwa kwanza uzi wa nta mwembamba kuliko sindano ya kushonea, na haukupinda wakati udongo unapakwa. Hapo Mjomba alivua kioo chake akajifuta jicho, ambalo kwa kweli ndilo linalomsumbua siku hizi.

"Nzi wa nini?" nikamuuliza.

"Chombo cha chakula hiki, au cha kunywea. Nzi wa kweli wakija juu yake, nani atawatofautisha?" Akacheka peke yake.

6 Machi

Denis Williams, mchoraji wa Guyana aliyeandika juu ya sanaa ya Afrika Magharibi mwaka 1974, alifikiri kwamba pengine haikuwa nta ya nyuki bali utomvu wa mti wa jamii ya mnyaa, kwa sababu nyuzi zile ni nyembamba mno. Nimempigia simu Mjomba kumwambia.

"Mnyaa huu wa ua?"

"Jamii yake."

"Mwanangu, utomvu ule ukiingia jichoni huoni tena." Kimya kidogo. "Lakini unavutika. Kweli unavutika."

9 Machi

Leo kaburi, Igbo Richard. Mtu mkubwa alizikwa ameketi juu ya kigoda, ndani ya chumba cha chini ya ardhi kilichozungushwa mbao. Kichwani taji la shaba, kifuani bamba la shaba, mikononi na miguuni mapambo ya shanga na shaba. Pembe tatu za ndovu. Fuvu la chui lililosubiwa kwa bronzi. Na mpini wa bronzi wenye mpanda farasi juu yake, ambao wengi wanaamini ulikuwa mpini wa usinga.

Nimesimama hapo. Bwana huyu, mwenye kutawala mafundi waliotapakaza nzi juu ya vyombo, alizikwa na kitu cha kufukuzia nzi. Sitaki kujenga nyumba juu ya jambo hilo. Vyombo vingi vilikuwa katika ghala la Isaiah na usinga ulikuwa kaburini kwa Richard. Lakini mtu aliyeketi siku nzima hadharani, kimya, akipungiwa, anajua nzi ni nini kuliko sisi wenye kupita mbio. Na farasi katika nchi ile ya misitu na mbung'o hakuwa mnyama wa kila siku. Fundi alimwona, au alisimuliwa na aliyemwona.

Nani alikuwa bwana huyo? Wengi humhusisha na Nri, ufalme wa Waigbo ambao mfalme wake, Eze Nri, alikuwa zaidi kuhani kuliko jemadari. Mwanaanthropolojia M. A. Onwuejeogwu ameandika kwa marefu kuhusu Nri, na chale za usoni kwenye vile vidani zinafanana na chale za ichi walizochanjwa wanaume wenye vyeo. Aliyesoma riwaya ya Shujaa Okonkwo hatashangaa: vyeo vya Waigbo viko mwilini, mpaka kifundo cha mguu. Na atamkumbuka chatu ambaye haruhusiwi kuuawa, hivyo hatashangaa pia kuona nyoka wamejisokota kwenye vyombo hivi.

Juu ya chumba hicho kulikuwa na mifupa ya watu wengine wasiopungua watano. Hawakuwa na taji. Sitaandika makala ya kusifu ufundi nikawaruka watu watano.

14 Machi

Siku nzima nimesoma ugomvi mmoja: nani aliwafundisha?

Swali hili liliulizwa tangu mwanzo, na namna lilivyoulizwa inaonyesha jibu lililotarajiwa. Bronzi hizi ni za karne ya 9 kwa vipimo vya kaboni alivyopata Shaw, kabla ya shaba za Ife na Benin zinazojulikana zaidi. Haziigi kitu kingine chochote. William Fagg wa Makumbusho ya Uingereza alipotafuta mfano alikwenda mpaka kwa Fabergé, sonara wa wafalme wa Urusi. Basi wakasema: shaba lazima ilivuka Sahara kwa ngamia, na kama shaba ilivuka, ufundi nao ulipanda ngamia huyohuyo.

Mwaka 1989 V. E. Chikwendu, Paul Craddock, Shaw mwenyewe na wenzao walichapisha vipimo vya madini. Shaba, risasi na bati vyote vingeweza kupatikana Nigeria. Shaba na risasi katika bonde la Benue, pande za Abakaliki, mwendo wa siku chache tu kwa miguu kutoka Igbo-Ukwu. Ngamia akabaki na mzigo mwepesi.

Lakini hoja iliyonikamata ni nyingine, ya Craddock, na haihitaji maabara. Mafundi wa Igbo-Ukwu walisubu kama mabingwa, na shaba tupu waliifua na kuisokota vizuri sana. Ila hawakutumia lihamu, wala ribiti, wala uzi wa kuvutwa kwenye bamba la matundu, mambo ambayo fundi yeyote wa kaskazini aliyajua. Walitatua kila kitu kwa kusubu, hata pale ambapo kusubu ndiyo njia ndefu.

Nikamsomea Mjomba kwa simu.

"Mimi nilipoingia kwa baba, siku ya kwanza nilivuta uzi," akasema. "Mwaka mzima nilivuta uzi. Halafu lihamu. Kusubu nilikuja kuonyeshwa nimeshaota ndevu. Mwalimu gani anafundisha kusubu kwanza, halafu anaondoka bila kumfundisha mtoto lihamu?"

Kwa hiyo hakukuwa na mwalimu kutoka mbali. Wataalamu wamelifikia jambo hili kwa kupima. Mjomba amelifikia kwa kukumbuka mikono yake ilivyouma. Nataka makala ianze hapa, kwenye lihamu ambayo haipo. Msomaji akishaelewa hilo, nzi ataeleweka mwenyewe: mtu anayejua njia moja tu ya kufanya kazi huipeleka njia hiyo mbali mno, mpaka kwenye bawa la mdudu.

15 Machi

Na hata hivyo nzi haelezeki kwa ufundi peke yake. Kuweza kumfanya si sababu ya kumfanya.

21 Machi

Shanga. Zaidi ya 165,000 katika mashimo yale, za kioo na za akiki. Hizi ndizo zilizosafiri. Sehemu ya kioo chake ilitengenezwa mbali, upande wa Misri na Mashariki ya Kati. Zililipiwa kwa nini? Wengi wanataja pembe, na zile tatu za kaburini zinaipa nguvu dhana hiyo. Karne ya 10 al-Masudi aliandika juu ya pembe za nchi ya Zanj, huku kwetu, zikipelekwa Oman na kutoka huko India na China. Yaani yapata miaka ileile, pande mbili za bara, ndovu alikuwa akibadilishwa kwa vitu vya kung'aa. Bahari ya huku tumeiandikia vitabu. Barabara ya kule, kupitia Niger na jangwa, haina mwandishi aliyeifuata kwa jahazi.

Wanaoshikilia ngamia hurudi kwenye shanga: mnaona, walikuwa na uhusiano na nje! Walikuwa nao, naam. Bibi zetu walivaa akiki za India na hariri ya China, na hakuna aliyejifunza kufuga viwavi.

Jambo dogo limenifurahisha: vitambaa. Nguo huoza katika udongo wa unyevu, lakini vipande vilivyogusana na shaba vilisalimika, kwa kuwa chumvi za shaba huua vijidudu vya kuozesha. Pambo likahifadhi nguo iliyokuwa chini yake.

28 Machi

Mvua za kwanza. Dukani hakuna mteja, Mjomba amepata nafasi ya kubishana.

Nilimpelekea nakala ya makala ya Mark Horton na Richard Blurton, jarida la Antiquity, 1988. Simba wa bronzi kutoka Shanga, kisiwa cha Pate. Kadogo, unaweza kukafumbata. Kalisubiwa kwa njia ileile ya nta, yapata mwaka 1100, na mtindo wake ni wa Kihindi. Horton ndiye aliyechimba Shanga na kuonyesha misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Simba huyo, basi, alikuwa katika mji ambao watu wake walikuwa wanaswali kwa zaidi ya miaka mia tatu.

"Ni wa mgeni," akasema Mjomba.

"Labda. Lakini alikaa Shanga."

"Mgeni hukaa."

"Na kama alisubiwa hukuhuku?"

Akamgeuza yule simba wa karatasi huku na huku. "Uzito wake ni upi? Huenda ni jiwe la mizani. Mfanyabiashara Muhindi ana haki ya kupima kwa simba wake." Kisha, baada ya kujijengea ukuta huo, akakiri kwamba paja la nyuma limekaa vizuri.

Sijamwambia, lakini nadhani kinachomsumbua si simba. Kwa Igbo-Ukwu alikuwa salama: kule ni mbali, dini nyingine, wakati mwingine. Shanga ni kwetu.

4 Aprili

Mhariri ameandika. Anataka kichwa cha makala kiwe na neno "siri" au "ajabu". Nimemjibu kwamba kila makala niliyosoma juu ya Igbo-Ukwu ina moja ya maneno hayo, na kwamba hakuna anayeandika "siri ya Florence". Amesema atafikiri.

Namwelewa, anauza gazeti. Lakini ajabu hutokea tu kwa aliyekuwa ameamua mapema kwamba kitu hicho hakiwezekani mahali hapo.

11 Aprili

Haki inanitaka niandike pia kwamba tarehe zilibishaniwa. Mwaka 1973 Babatunde Lawal, Mnigeria, si mtu wa ngamia, aliuliza kwa ukali kama karne ya 9 si mapema mno, na kimoja cha vipimo vya mwanzo vya Shaw kiliangukia karne ya 15. Shaw aliitetea karne ya 9 miaka yote, akazeeka nayo. Alifariki 2013 akiwa na miaka 98. Watu wa Igbo-Ukwu walimpa cheo cha heshima. Juzuu hizi mbili zilitoka 1970, mwaka uleule vita vya Biafra vilipokwisha, na nchi iliyozungumziwa ndani yake ilikuwa inatoka kwenye njaa. Hilo nadhani linastahili sentensi moja katika makala, bila maji ya machozi.

18 Aprili

Nimerudisha fikra kwa wadudu. Nimepanga picha zote mezani (chai iko jikoni). Wakubwa, yaani chui, ndovu na kondoo, wamekuwa vidani: wamekatwa vichwa, wakafanywa alama za cheo. Ni wanyama wa kutolewa sadaka, au wa kuogopwa, na mwenye kuwavaa anasema jambo juu yake mwenyewe. Wadogo hawakukatwa. Panzi ni mzima, nzi ni mzima, nyenje ni mzima, na wametua tu, kwa ukubwa unaokaribia wa kweli. Chui ni mdogo mara nyingi kuliko chui. Nzi ni nzi.

Wapo wanaosema kila mdudu ana maana katika ibada ya ardhi. Inawezekana, na anayeijua ibada hiyo kutoka ndani aseme. Mimi naona pia fundi aliyeketi na nta mkononi wakati wa joto, na mdudu akatua juu ya kazi yake, naye badala ya kumpunga akamtazama. Mjomba hakubaliani. Anasema fundi mwenye nta laini mkononi na nzi juu yake hana hisia za kisanaa, ana hasira.

25 Aprili

Nimempelekea Mjomba rasimu. Amesoma yote, akanirudishia na masahihisho mawili ya kalibu na moja la nahau. Halafu akauliza kitu ambacho sikukiandika popote.

"Kiwanda kilikuwa wapi?"

Nikamwambia Shaw hakukuta karakana katika mashimo yale matatu. Alikuta vitu vilivyokwisha, si mahali vilipotengenezwa. Nikamweleza kuhusu wahunzi wa Awka, maarufu katika nchi ya Waigbo, waliokuwa wakitembea mji hadi mji na vyombo vyao wakifanya kazi kwa atakayewaita. Huenda fundi wetu naye alikuwa na jadi kama hiyo, ingawa kati ya karne ya 9 na wahunzi hao pana miaka mingi ya kuruka.

"Fundi wa kusubu hatembei na kazi hii," Mjomba akasema. "Mhunzi atembee, sawa, ana nyundo na mvukuto. Lakini huyu anataka udongo anaoujua, wa mto anaoujua. Anataka kivuli, nta isilegee. Anataka mtu wa kumlisha miezi. Huyu alikaa."

"Sasa alikaa wapi?"

"Wasitafute shaba. Shaba hakuna fundi anayeiacha chini, hata chembe huokotwa. Watafute kalibu zilizovunjwa. Kila kipande kimoja, kalibu moja imevunjwa. Udongo uliopikwa hauozi na hauibiwi. Liko rundo mahali, kubwa."

Nimeliongeza mwishoni mwa rasimu, kwa maneno yake. Mhariri akilikata nitagombana naye.